HOMA ISIYOISHA: KIDONDA CHA MOYO KINAVYOUMIZA FIGO

Leo katika ukurasa wetu wa afya tutajifunza habari za ugonjwa unaokaa mahali pawili. Unaanza moyoni, lakini mara nyingine dalili yake huonekana katika mkojo. Mgonjwa akitibiwa mkojo peke yake, hatapona. Akitibiwa homa kwa siku tatu au nne, hatapona pia. Lakini akijulikana mapema na kutibiwa mpaka mwisho, anaweza kupona na kurudi shambani.

Ugonjwa huu hauingii kila nyumba. Hata hivyo yafaa tuujue. Usipotibiwa unaua. Tena unafanana na magonjwa mengine tuliyoyazoea, kwa hiyo ni rahisi kudanganyika.

Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

MOYO NA MILANGO YAKE

Moyo wa mtu una ukubwa kama wa ngumi yake. Kazi yake ni kusukuma damu iende mwilini mwote. Kwa siku moja moyo hupiga mara 100,000 hivi. Haupumziki hata tukilala.

Ndani ya moyo mna vyumba vinne na milango minne. Madaktari huiita milango hii vali. Kila mlango hufunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango hujifunga ili damu isirudi nyuma. Mlango ukiharibika, damu hurudi nyuma au hupita kwa shida. Hapo moyo hufanya kazi ngumu kuliko kawaida, na mtu huchoka upesi.

FIGO NA VICHUJIO VYAKE

Kila mtu mzima wa afya ana figo mbili. Ziko nyuma, upande wa mgongoni, karibu na mbavu za chini. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana karibu milioni moja. Huwezi kuviona kwa macho.

Damu ikitoka moyoni, sehemu moja katika kila sehemu tano huenda kwenye figo. Huko huchujwa kama tunavyochuja chai. Kwa siku moja figo huchuja maji ya lita 180 hivi kutoka katika damu. Karibu maji yote hurudishwa mwilini. Lita moja au mbili tu hutoka kama mkojo, pamoja na uchafu wa mwili.

Basi kumbuka jambo hili: chochote kibaya kinachotoka moyoni na damu, figo hukipata mapema.

MFANO WA MFEREJI WA KINYUNGU

Wakulima wa vinyungu huku Njombe wanajua kazi ya mfereji. Majani na matope yakiingia juu, kwenye chanzo, hushuka na maji. Hayakwami penye njia pana. Hukwama chini, penye njia nyembamba. Mkulima akiona tuta limekauka, anaweza kuondoa majani pale yalipokwama. Lakini kama chanzo bado kichafu, kesho mfereji utaziba tena. Hana budi kupanda juu akasafishe chanzo.

Ugonjwa wetu wa leo ni hivyo hivyo. Moyo ni chanzo. Figo ni njia nyembamba kule chini.

UGONJWA UNAANZAJE?

Vijidudu vidogo sana vinavyoitwa bakteria vinaweza kuingia katika damu. Vinaweza kupita kwenye jino bovu, kwenye jipu, kwenye kidonda kichafu, au kwa sindano isiyo safi. Kwa mtu mwenye afya, mara nyingi askari wa mwili huviua upesi. Askari hao wamo ndani ya damu yetu.

Lakini mtu mwenye mlango mbovu wa moyo yuko hatarini zaidi. Mlango wake una makovu. Vijidudu hupata mahali pa kushika. Hukaa pale, huzaana, na hufanya kidonda chenye uvimbe laini. Madaktari huuita ugonjwa huu endokadaitisi. Sisi tutauita kidonda cha moyo.

Mara chache vijidudu vikali hushika hata mlango ambao ulikuwa mzima.

Kutoka kwenye kidonda hicho, vijidudu humwagika katika damu kila siku. Askari wa mwili hupigana navyo bila kushinda. Katika vita hiyo, askari na mabaki ya vijidudu hugandamana pamoja. Vinyama hivyo vilivyogandamana husafiri na damu mpaka kwenye figo. Huko hukwama katika vichujio. Vichujio huvimba na kuwaka kama kidonda kinavyowaka. Hali hiyo huitwa mchochota wa figo.

Mara nyingine vipande vya uvimbe wa moyoni hukatika. Kipande kikienda kwenye figo huziba mshipa wake. Kikienda kwenye ubongo mgonjwa hupata kiharusi.

Vichujio vilivyovimba haviwezi kazi. Vinaacha damu na protini vipite viingie katika mkojo. Uchafu uliotakiwa kutoka hubaki mwilini. Maji nayo hubaki, na mtu huvimba.

MLANGO WA MOYO HUHARIBIKAJE?

Wengine huzaliwa na kasoro ya moyo. Lakini katika nchi zetu za Afrika, vijana wengi wenye milango mibovu waliharibiwa na homa ya baridi yabisi walipokuwa watoto.

Jina hili lina neno baridi. Lakini si baridi ya Njombe ya mwezi wa Juni na Julai inayoleta ugonjwa huo. Chanzo chake ni vijidudu vya koo. Katika miezi ya baridi watu hukaa pamoja karibu na moto, madirisha yamefungwa. Hapo vijidudu vya koo hupita upesi kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine.

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo na kupata homa. Koo hupoa, na wazazi husahau. Baada ya wiki mbili au tatu, viungo vyake huanza kuuma na kuvimba. Leo goti, kesho kiwiko. Viungo hupona, lakini milango ya moyo inaweza kubaki na makovu. Mtoto hukua. Hucheza, husoma, hulima. Huenda asijue kabisa kwamba moyo wake una kasoro, mpaka atakapokuwa kijana au mama wa watoto.

DALILI ZAKE NI ZIPI?

Kidonda cha moyo mara nyingi huja polepole. Tazama dalili hizi:

1. Homa inayokwenda na kurudi kwa wiki kadhaa.
2. Jasho jingi usiku.
3. Kukonda na kukosa hamu ya chakula.
4. Kuchoka sana, na kuhema hata kwa kazi ndogo.
5. Maumivu ya viungo na mgongo.
6. Madoa madogo mekundu kwenye ngozi, chini ya kucha au ndani ya kope.

Figo zikishaguswa, dalili hizi huongezeka:

1. Mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi, au kama maji yaliyooshea nyama.
2. Mkojo huwa na povu jingi lisilokwisha upesi.
3. Uso huvimba asubuhi, hasa kuzunguka macho. Miguu huvimba jioni.
4. Mkojo hupungua.
5. Shinikizo la damu linaweza kupanda.

Lakini jihadhari! Mara nyingine mkojo huonekana safi kabisa kwa macho, na kumbe una damu kidogo ndani yake. Kwa hiyo ni lazima upimwe. Kipimo cha kwanza ni kikaratasi kidogo kinachochovywa katika mkojo. Huchukua dakika chache tu.

KWA NINI WATU HUDANGANYIKA?

Tuseme kuna kijana wa Makambako anayepakia magunia ya viazi sokoni. Ana homa jioni. Anasema, "Ni malaria tu." Anapita duka la dawa karibu na stendi, ananunua vidonge, anameza, anapata nafuu siku mbili. Homa inarudi. Viungo vinauma, ananunua dawa ya maumivu. Wiki ya tatu anaambiwa, "Hicho ni kifua kikuu." Wiki ya tano anasikia watu wakinong'ona kwamba ana UKIMWI. Wiki ya sita uso umevimba, naye hawezi kupanda kilima.

Tuangalie makosa hayo moja moja.

Kosa la kwanza ni kuita kila homa malaria. Vipimo vya nchi nzima vya mwaka 2017 vilionyesha kuwa Njombe ni mmojawapo wa mikoa yenye malaria kidogo kabisa. Ni kweli, mtu aliyeteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu au ufukoni mwa Ziwa Nyasa anaweza kurudi na malaria. Kwa hiyo apimwe damu. Kipimo kikisema hana malaria, ajue kwamba homa ina sababu nyingine. Asinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha.

Kosa la pili ni kuogopa vipimo. Uchunguzi wa nchi wa mwaka 2016/17 na ule wa 2022/23 ulionyesha kuwa mkoa wetu wa Njombe una kiwango kikubwa cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI kuliko mikoa mingine. Ni sawa kabisa mgonjwa anayekonda kupimwa virusi hivyo na kupimwa kifua kikuu. Lakini akikutwa hana magonjwa hayo, kazi haijaisha. Hata akikutwa na ugonjwa mmoja, anaweza kuwa na mwingine pia. Homa ikiendelea, arudi akachunguzwe moyo na figo.

Kosa la tatu ni kumeza antibayotiki chache za dukani. Vidonge hivyo hupunguza vijidudu katika damu, lakini haviui vile vilivyojificha kwenye mlango wa moyo. Homa hushuka kwa muda tu. Tena, daktari akichukua damu ili aoteshe vijidudu na kuvitambua, huenda asivione. Ni kama mwizi aliyefuta nyayo zake. Kama umeshameza dawa, mwambie daktari jina lake na siku ulizomeza. Usione haya.

Kosa la nne ni kumeza dawa za maumivu kwa muda mrefu bila ushauri. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuziumiza figo ambazo tayari ni gonjwa. Hata dawa za mitishamba usimeze bila kumwambia daktari, kwa sababu nyingine huumiza figo.

HOSPITALI WATAFANYA NINI?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Waambie waziwazi: "Nina homa kwa wiki kadhaa." Kama uliwahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo, litamke hilo kwanza. Mganga ataweka kifaa kifuani na kusikiliza. Mlango mbovu hutoa sauti ya mvumo, kama maji yanayopita penye mwanya.

Mganga akishuku, atakupeleka hospitali. Kwa watu wa huku ziko hospitali ya Makambako, Kibena, Ilembula, na hospitali ya mkoa ya Njombe. Huenda ukapewa rufaa kwenda Hospitali ya Kanda Mbeya. Wanaohitaji kutengenezewa mlango wa moyo hupelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Vipimo ni hivi: damu ya kuotesha vijidudu, damu ya kupima kazi ya figo, mkojo, na picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti. Picha hiyo watu huiita eko. Haiumi, wala haichomi.

Dawa ni antibayotiki ya kuingizwa kwenye mshipa. Kwa kawaida hutolewa kwa wiki 4 hadi 6. Daktari hupima figo mara kwa mara, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinahitaji kipimo kidogo kama figo ni dhaifu. Wengine huhitaji upasuaji wa moyo. Figo zikishindwa kazi kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine.

Habari njema ni hii: vijidudu vikifa moyoni, vinyama vya kukwama hupungua katika damu. Chanzo kimesafishwa, na mfereji unaweza kufunguka. Wagonjwa wengi waliotibiwa mapema figo zao hupata nafuu. Waliochelewa, vichujio vyao hugeuka makovu. Kovu la figo halirudi kuwa kichujio.

ZAMANI HAPAKUWA NA DAWA

Mwaka 1911 mwanamuziki mashuhuri wa Austria, Gustav Mahler, aliugua homa akiwa New York, Marekani. Milango ya moyo wake ilikuwa na kasoro tangu zamani. Madaktari walipima damu yake wakaona vijidudu. Waliujua ugonjwa, lakini hawakuwa na dawa. Alirudishwa kwao Vienna, akafa tarehe 18 Mei mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 50. Utajiri na sifa havikumsaidia.

Mwaka 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini huko London. Katika miaka ya 1940 dawa hiyo ilianza kuwaponya watu wenye kidonda cha moyo. Leo mkulima wa Njombe anaweza kupata dawa ambayo Mahler hakuipata. Hasara kubwa ni dawa kuwapo, na mtu kufa kwa kuchelewa.

WIKI SITA NI NYINGI, LAKINI ZINA MWISHO

Jambo gumu kwa wengi si sindano, ni muda. Baada ya siku saba au kumi homa huisha. Mgonjwa anajisikia vizuri. Anafikiri juu ya mahindi yanayongoja palizi na watoto walio nyumbani. Anaomba ruhusa au anatoroka.

Hapo ndipo hatari ilipo. Homa imekwisha, lakini vijidudu bado vimejificha kwenye mlango. Akiondoka vitazaana tena, na ugonjwa utarudi.

Kwa hiyo matibabu haya si kazi ya mgonjwa peke yake. Ndugu na majirani wagawane kazi. Wengine wapalilie shamba lake kwa ujima. Mwingine atunze watoto na mifugo. Mwingine apeleke chakula hospitali. Kama fedha za matibabu ni shida, ulizeni mapema habari za bima ya afya, na mwoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Msingoje mpaka mgonjwa atoroke.

TUJIKINGEJE?

Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Walijifunza kwamba ugonjwa mwingi huzuiwa nyumbani. Na ugonjwa huu pia twaweza kuuzuia:

1. Mtoto akiumwa koo na ana homa, mpeleke zahanati. Akipewa dawa, amalize yote hata kama koo limepoa.

2. Usimkate mtoto kimeo. Kukata kimeo hakuponyi koo. Kunaweza kumtoa damu nyingi na kuingiza vijidudu.

3. Mtoto akivimba viungo baada ya kuumwa koo, usiseme anakua tu. Apimwe moyo.

4. Aliyeambiwa ana moyo wa baridi yabisi asikose sindano yake ya penisilini kila wiki 3 au 4, kama alivyoagizwa. Aendelee hata akijisikia mzima.

5. Piga mswaki kila siku, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Jino bovu litibiwe mapema.

6. Mwenye ugonjwa wa moyo amwambie daktari wa meno kabla ya kung'oa jino. Huenda akapewa dawa ya kujikinga kwanza. Mama mjamzito mwenye ugonjwa wa moyo amwambie mkunga tangu kliniki ya kwanza.

7. Upele wenye usaha na vidonda vioshwe na kutibiwa. Usikubali sindano isiyo mpya, wala kuchanjwa kwa wembe uliotumika.

8. Fungua dirisha mchana ili hewa ipite, hata wakati wa baridi.

Ndugu msomaji, ukisahau yote, shika haya matatu. Homa ya zaidi ya wiki mbili haitibiwi dukani. Mkojo wa rangi ya chai haungojewi. Na aliyeanzishiwa dawa ya kidonda cha moyo asiondoke hospitali mpaka daktari aseme imetosha.

MANENO YA KUKUMBUKA

Vali: mlango wa moyo.
Endokadaitisi: kidonda cha vijidudu kwenye mlango wa moyo.
Mchochota wa figo: kuvimba na kuwaka kwa vichujio vya figo.
Kuotesha vijidudu: kukuza vijidudu vya damu katika maabara ili vijulikane.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini figo huumia wakati kidonda kiko moyoni? Elezeni kwa mfano wa mfereji.
2. Kijana wa Makambako alifanya makosa gani? Angefanya nini wiki ya kwanza?
3. Je, katika kijiji chenu kuna watu wanaokata watoto kimeo? Mtafanya nini?
4. Jirani yenu akilazwa wiki 6 wakati wa palizi, nani atasaidia nini? Pangeni leo, kabla hajaugua.